Samaki wa Picha wa Kwa Muhiddin

Kuna samaki mmoja, changu, pale Mji Mkongwe, aliliwa na wanaume watatu wiki nzima, na hakumalizika.

Si mchezo. Nilimwona Jumatatu, nikamwona Jumanne, nikamwona Jumatano. Mkia umekatika upande mmoja, jicho limetoka kidogo, kipande cha ndimu ubavuni. Kila siku analiwa, kila siku yupo.

Soma mpaka mwisho, hasa wewe ambaye nyumbani kwako kuna mtu wa sukari na mchana anakula mikahawani.

Mimi naitwa Maisara. Nakaa Kikwajuni, nafanya kazi idara ya ununuzi katika chuo kimoja huko Tunguu. Nina diploma ya ugavi, watoto wanne na maneno machache. Kazini kwangu mtu akileta mchele, nafungua gunia. Akileta rangi, nafungua kopo. Sipokei kitu kwa kusimuliwa.

Mume wangu ni Gharib. Yeye ni karani, ofisi yao iko Malindi, hapo hapo Mji Mkongwe. Ana sukari miaka sasa, na kila asubuhi anajidunga sindano ya insulini.

Mwaka jana alinunua makubadhi mapya ya Idi. Kubadhi la kushoto likamkata kidole kidogo. Kidonda chenyewe, ungekiona, ungecheka. Mtoto angepona huku anacheza.

Gharib hakupona.

Kikawa kinafunga juu, kinaoza chini. Daktari wake akanivuta pembeni.

"Bi Maisara, sukari ya huyu bwana haishuki. Isiposhuka, kidole tutakikata. Ikiendelea, hatutaishia kidoleni."

Akaweka mkono kwenye kifundo chake mwenyewe. Halafu akaupandisha kwenye goti.

Nikarudi nyumbani nikavamia jikoni. Mafuta nikapunguza. Nazi ikawa ya wageni. Wali ukawa wa kupimwa kwa upawa, tena upawa mdogo. Chai kavu. Watoto walinuna, nikawaambia anayetaka kununa anune akiwa ameshika mguu wa baba yake.

Tatizo lilikuwa mchana. Yeye yuko Malindi, mimi niko Tunguu.

"Nitakufungia chakula uende nacho," nikamwambia.

"Maisara, mwanamme mzima nipite Darajani nimebeba bakuli? Nimekuwa mwanafunzi wa chekechea?"

"Basi utakula wapi?"

"Kwa Muhiddin. Siku hizi ana mlo wa afya. Samaki wa kuchemsha, mchicha, kachumbari, kipande cha muhogo. Ameandika ubao mkubwa mlangoni."

Kwa Muhiddin ni mkahawa mmoja wa uchochoroni nyuma ya Malindi. Wanaume wa maofisini wote wanakula pale. Nilikuwa nimeusikia, sijaingia.

"Vizuri," nikasema. "Lakini kila siku, kabla hujagusa, piga picha ya sahani unitumie."

Akacheka. "Umeshanifanya muuzaji wa mchele?"

"Ndiyo."

Akakubali. Tena alikubali upesi mno, na mimi, mwenye kufungua magunia ya watu, sikulistukia hilo.

Basi kila siku baada ya adhuhuri, simu inalia. Ting! Sahani hiyo. Changu anang'aa, mchicha wa kijani, kachumbari, muhogo. Mimi namjibu: "Mashallah. Kula yote."

Yeye ananiletea alama ya kidole gumba.

Usiku akirudi anakula vijiko viwili vitatu. "Nimeshiba, mke wangu. Samaki wa Muhiddin anakaa tumboni." Nami namwona bwana mwenye nidhamu.

Lakini kipimo hakitaki. Tunapima usiku, sukari juu. Tunapima alfajiri, juu. Kidonda kinatoa maji.

Kliniki daktari akauliza, "Anakula nini?"

Mimi kwa fahari nikatoa simu. "Daktari, ushahidi huu hapa. Kila siku ya kazi."

Akapitisha kidole, picha baada ya picha. Akatikisa kichwa.

"Kama mchana anakula hivi na bado iko juu, basi dozi haitoshi."

Akaongeza sindano.

Mwezi uliofuata, hadithi ile ile. Akaongeza tena. Gharib amekaa pale kwenye kiti, mkono kapakata mkono, kimya kama bibi harusi.

Ningekuwa na akili ya kumtazama usoni siku ile!

Sasa sikilizeni nilivyomfumania samaki.

Jirani yetu alikuwa anaoza binti. Tumekaa ukumbini kwake jioni, wanawake chungu nzima, tunachagua mchele wa arusi. Unajua mambo ya kuchagua mchele. Mikono iko kwenye ungo, midomo iko kwa waume.

Saadiya, wa nyumba ya tatu kutoka kwangu, akaanza kujisifu. Mume wake, Abrahman, naye ana sukari.

"Miye wangu kabadilika, jamani. Samaki wa kuchemsha na majani kila mchana. Tazameni."

Akazungusha simu. Ilipofika kwangu, nikaisogeza machoni.

Changu. Mkia umekatika upande mmoja. Jicho limetoka. Sahani nyeupe ya maua ya buluu, ukingo umemeguka chini ya ua la pili.

Nikatoa simu yangu, nikaiweka karibu na yake.

"Saadiya. Hii picha ya lini?"

"Jumanne."

"Yangu ya Jumatatu."

Amne, ambaye tunakutana kliniki kila mwezi kwa sababu mume wake Ayoub ana sukari na presha, akaacha ungo. Akafuta mikono kwenye kanga. Akatoa simu yake polepole kama mtu anayetoa maiti.

"Yangu ya leo."

Jumatano. Samaki yule yule, mkia ule ule. Kageuzwa ubavu wa pili tu.

Bibi mmoja pembeni akasema, "Subhanallah, samaki huyo ana baraka. Waume watatu wamemla na nyama haijapungua!"

Ukumbi mzima ukaanguka kwa kicheko. Sisi watatu hatukucheka.

Saadiya akataka kupiga simu pale pale. Nikamshika mkono.

"Usithubutu. Ukimuuliza mwanamme nyumbani, atakupa maelezo. Mkute mezani."

"Tufanyeje?" Amne akauliza.

"Ijumaa. Tutakwenda kula kwa Muhiddin."

Nikaomba ruhusa kazini. Alhamisi usiku sikumsemesha Gharib neno baya. Nilimkanda mguu wenye kidonda kwa maji ya uvuguvugu, nikamfunga bendeji, nikamwombea usingizi mwema. Moyoni nilikuwa nanoa.

Ijumaa alfajiri nilikwenda sokoni mwenyewe, nikachagua changu watatu wabichi, macho maangavu. Nikawachemsha kwa ndimu na pilipili manga, chumvi kwa ncha ya kidole. Mchicha nikauchemsha bila nazi, bila kitunguu, bila huruma. Muhogo sikuweka. Ndizi sikuweka. Hata punje ya wali sikuweka.

Kwa makusudi. Nilitaka wakione chakula cha afya chenye hasira.

Nikafunga sahani tatu kwenye kikapu.

Gharib alijidunga sindano yake asubuhi kama kawaida, ile dozi mpya kubwa, akanywa chai kavu na kipande cha mkate, akavaa kanzu akaenda kazini.

Sisi watatu tukafika kwa Muhiddin wakati wanaume wako msikitini. Mlangoni kweli kuna ubao: "Mlo wa Afya. Juisi zote bila sukari." Nyuma ya mkahawa kuna sehemu ya familia, imetengwa kwa pazia zito la kijani. Tukaingia tukaketi. Binti wa mezani tukamwambia tunasubiri wenzetu. Mabuibui matatu nyuma ya pazia, nani atauliza?

Sala ikaisha. Wakamiminika.

Namsikia Muhiddin: "Karibuni, karibuni! Biriani ya kuku ipo, ya mbuzi ipo, mabwana mtakula mpaka mkinai!"

Halafu nikaisikia sauti ninayolala nayo.

"Yakhe Muhiddin, kwanza nipitishie samaki, mke asije akapiga simu."

Amne akanifinya paja.

"Nnakuja naye," Muhiddin akajibu. "Leo nimempaka mafuta ya kupikia, anang'aa kama katoka baharini saa hii."

Mafuta! Samaki wa afya anapakwa mafuta apendeze kwenye picha!

Sauti ya Abrahman, mume wa Saadiya: "Mgeuze ubavu, jana nilimpiga huu. Na ndimu badilisha. Wangu ana macho yule, atajua."

"Ndimu nimebadilisha," Muhiddin akasema. "Mimi mambo yangu kamili. Picha bure, mradi mle biriani yangu."

Wakacheka wote.

Ting! Simu ya Saadiya mezani.

Ting! Simu ya Amne.

Mimi nikasubiri. Nusu ya moyo inasema pengine yeye leo hatatuma.

Ting!

Changu. Anang'aa.

Nikaandika kwa utulivu: "Mashallah. Kula yote."

Nikasikia simu yake ikilia nje ya pazia. Nikamsikia anasoma kwa sauti ya kuniigiza: "Mashallah, kula yote!" Na meza nzima ikacheka tena.

Hapo ndipo nilipovuta pazia.

"Assalaam alaykum."

Mezani kwao kuna sinia la biriani ya mbuzi, mafuta yanateremka, jagi la juisi ya ukwaju bado limejaa. Ayoub ana tonge liko njiani, halijui liende wapi. Katikati ya meza amelala yule samaki.

Gharib akasimama. "Maisara! Wewe si uko Tunguu?"

"Na wewe si unakula samaki?"

Meza ya nyuma mtu akapaliwa.

Nikamgeukia Muhiddin. Mtu mnene, kofia safi, taulo begani.

"Huyu samaki ana siku ngapi?"

"Bi... bibi, huyu si wa kuliwa. Huyu wa... wa mapambo."

"Ahaa. Na ubao wako wa mlo wa afya pale mlangoni, nao wa mapambo?"

"Wapo wanaokula, bibi."

"Nani?"

Akafikiri. "Wazungu."

Watu wakavunjika mbavu. Yeye akapata nguvu kidogo. "Tena mama nikwambie, mimi mfanyabiashara. Mteja akitaka biriani nampa biriani, akitaka picha nampa picha. Sijamshika mtu mkono."

"Vizuri," nikasema. "Leo na mimi sitomshika mtu mkono."

Nikafungua kikapu. Sahani tatu. Moja mbele ya Abrahman, moja mbele ya Ayoub, moja mbele ya mume wangu. Biriani nikaisogeza meza ya pili, nikawaambia vijana waliokaa pale, "Kuleni, nyinyi wazima." Hawakungoja mara ya pili. Jagi la juisi nikalirudisha kaunta.

"Haya mabwana. Pigeni picha."

"Maisara, mke wangu, twende tukazungumze nje..."

"Piga picha, Gharib."

Wakapiga. Wanaume watu wazima, makarani, baba wa watoto, wameinamisha vichwa na simu kama wanafunzi wa mtihani.

"Tumeni."

Ting. Ting. Ting.

"Sasa kuleni. Yote. Tutapiga na picha ya miba."

Sitawadanganya, ilikuwa tamu. Miezi yote ile nilivyolia kwenye mswala nikiomba kidonda kifunge, huku yeye anamlamba mbuzi na kuniigiza sauti! Nilisimama pale mikono kiunoni, nikahesabu kila tonge lililoshuka. Watu wanapita mlangoni wanachungulia. Mmoja akasema, "Hapa leo kuna nini?" Mwingine akamjibu, "Mtihani."

Saadiya naye hakubaki nyuma. "Abrahman, mchicha huo. Usiusukume pembeni, sikukupikia mapambo."

Walikula. Wakamaliza. Nikawakalisha pale pale, niwasomee. Nilisema mengi. Nilimwambia Gharib kuhusu goti na mkono wa daktari. Nilimwambia kama anataka mguu ukatwe, aniambie mapema niache kununua makubadhi jozi.

Alikuwa hanijibu. Ameinama. Jasho linamtoka kwenye paji la uso, linadondokea kanzu.

"Ona aibu, ndiyo," nikasema. "Toa jasho."

Akasema neno, sikulisikia.

"Sema kwa sauti!"

"Nnakwenda... bandari... funguo ya mama," akasema. Ulimi mzito. Mikono inatetemeka mpaka sahani inagonga meza.

"Usinifanyie maigizo hapa, Gharib."

Amne akanisukuma, si kidogo. "Shoga, pisha! Jasho hilo si la aibu. Mtazame macho! Sukari imeshuka!"

"Imeshuka? Yake haijapata kushuka hata siku moja!"

"Haijashuka kwa sababu alikuwa anakula biriani! Sindano ya leo kadungwa ya kiasi gani?"

Dozi ile. Dozi niliyoiomba mimi, kwa picha zangu. Daktari aliipandisha mara mbili kumfukuzia samaki ambaye hakuliwa. Kila siku sindano ile ilikuwa inakutana tumboni na sinia la biriani. Leo imekutana na changu mmoja na mchicha. Na muhogo niliuondoa mimi.

Gharib akaanza kuteleza kwenye kiti. Ayoub na Abrahman wakamdaka.

"Sukari!" Amne anapiga kelele. "Kitu kitamu, upesi, madhali bado anameza!"

Nikakimbilia kaunta. Jagi la ukwaju lile lile. Nikalishika, halafu nikakumbuka ubao. Juisi zote bila sukari.

Muhiddin amesimama mbele yangu, taulo begani.

"Muhiddin. Hii ina sukari au haina?"

Akatazama mlangoni. Akatazama meza. Mkahawa umejaa watu wa Ijumaa, na karibu kila mezani kuna gilasi ya juisi yake. Watu wa presha, watu wa sukari, mzee mmoja na fimbo yake. Wote wameelekeza macho kwake.

"Bibi, kuna... jikoni kuna..."

"Mume wangu anakufa! Nikimpa maji ya ukwaju matupu nitakuwa nimempotezea wakati. Ina sukari, haina?"

Akafumba macho.

"Ina."

"Kiasi gani?"

"Nyingi."

"Hii tu?"

"Zote," akasema kwa sauti ndogo. "Zote zina sukari."

Nilisikia gilasi zikiwekwa chini, moja, nyingine, nyingine, mkahawa mzima. Yule mzee mwenye fimbo alisema, "Muhiddin! Mie miezi minne nnakunywa hii!"

Sikungoja kusikia zaidi. Nikapiga magoti kwenye sakafu ile yenye mafuta, nikamweka Gharib kichwa begani kwangu, nikamnywesha funda kwa funda. Mwanamke aliyekuja kumnyang'anya mumewe juisi, anamnywesha juisi ile ile kwa mkono wake, anamwambia, "Meza, baba Mayasa. Meza. Tena. Tena."

Ilichukua muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia. Halafu macho yakarudi. Akanitazama kama mtu aliyeamka safarini.

"Maisara," akasema. "Mbona unalia?"

"Kimya. Kunywa."

Bwana mmoja mteja alitupakia garini mpaka hospitali. Njiani Saadiya alinipigia kusema Abrahman na Ayoub nao wamepewa juisi kwa tahadhari na wako salama. Dozi zao hazikuwa zimepandishwa kama ya Gharib. Wao wake zao hawakuwa na bidii ya kupeleka ushahidi.

Daktari alipomaliza kumtazama, akaniuliza nini kimetokea. Nikamweleza yote, samaki mpaka pazia. Akavua miwani. Akasema:

"Kwa hiyo miezi yote hii mimi nilikuwa nampangia dozi samaki."

Gharib aligeukia ukutani.

Ile sindano ikapunguzwa. Safari hii ilipangwa kwa chakula anachokula kweli, na mhudumu wa kliniki akatukalisha wote wawili. Akatwambia samaki na majani ni chakula kizuri, lakini mtu wa insulini hafungiwi wanga wote kwa hasira ya mkewe. Kipande cha muhogo kina kazi yake. Hilo nililisikia vizuri sana.

Kidole walikikata. Tulichelewa. Lakini mguu upo, kidonda kimefunga, na anatembea kwenda kazini na kurudi. Anabeba bakuli. Anapita Darajani nalo mchana kweupe, na hajawahi kuulizwa na mtu kama ni mwanafunzi.

Muhiddin je?

Mimi sikuandika popote, sikushitaki. Mwezi ule nilikwenda arusi tatu tu. Nikachagua mchele, nikakata vitunguu, nikasimulia. Haikufika Ramadhani, ubao wake ulikuwa umeshushwa. Siku hizi mteja akikaa pale anauliza, "Hii ina nini?" kabla ya kuuliza bei, na binti wa mezani anapelekwa jikoni mara tatu kabla mtu hajaagiza. Wale wazee wa sukari walihamia kwa mama mmoja anayechoma samaki mbele yao.

Gharib alipotoka hospitali, Muhiddin alikuja kumtazama mgonjwa. Kaja na sinia la shaba, halua juu yake, kahawa kwenye birika. Akakaa ukingoni mwa kiti.

"Bi Maisara, tusameheane. Ni shetani tu."

"Shetani hakukuandikia ubao," nikamwambia. "Kahawa tutakunywa. Ahsante kwa kuja."

Akaondoka, sinia akaliacha, kama ilivyo desturi yetu.

Na desturi yetu mnaijua. Sinia la mtu hulirudishi hivi hivi. Unatia vileja, ndizi, chochote, hata kama ni adui yako, maana kurudisha chombo kitupu ni kumwambia mtu kuwa hamjuani.

Halua niliigawa kwa majirani wazima. Mayasa, binti yangu mkubwa, akaosha sinia, akalileta jikoni.

"Mama, tutie nini? Kuna vileja vya jana."

"Usitie kitu."

Akanitazama. "Tupu?"

"Tupu. Likaushe vizuri ling'ae, kisha mpelekee mkahawani wakati wa chakula, watu wakiwa wengi."

Alikwenda. Alivyorudi akaniambia Muhiddin alilipokea kwa mikono miwili, akalifunua kitambaa, akaangalia, akalifunika tena. Meza zote zilimwona.

Sijatubu kwa hilo, na sitatubu.

Haya, somo langu. Ukila nje, usiulize kama chakula ni cha afya, maana hakuna atakayekwambia hapana. Uliza kimepikwa na nini. Mwambie mhudumu alete mchuzi kando. Wali mwambie nusu, usijiamini kuwa utabakisha. Juisi ikamuliwe mbele yako, la sivyo kunywa maji. Mtu wa insulini atembee na pipi mfukoni, na aliye naye mezani ajue kwa nini ziko pale.

Na nyinyi wanawake wenzangu, msikubali picha. Sahani inajulikana kwa kukaa nayo.

Lakini zaidi nasema na nyinyi mabwana mnaopiga picha. Mkeo ukimdanganya atanuna, atakufumania, atakuaibisha, kisha atakusamehe. Sindano haina hayo. Ukiiambia umekula samaki, inakuamini, na inakwenda kufanya kazi uliyoituma.